Mtu Anahojiwa, Chuma Hakiulizwi

Katika rivolva ya kisasa, triga ikivutwa mara moja hufanya kazi mbili: huirudisha nyundo nyuma huku silinda ikizunguka, kisha huiachia nyundo ipige fataki ya risasi. Ugumu wa triga hiyo, kwa kawaida kilo 4 hadi 6, ndio ulinzi wa kwanza. Nyingi hazina sefti ya kubonyeza kwa kidole. Ulinzi uliobaki umo ndani, na ndani hapaangaliwi.

Tangu serikali ya Kenya iagize Desemba 2018 raia wenye leseni za silaha wahakikiwe upya, kila mjadala wa bunduki humrudia mtu: ana akili timamu, ana rekodi ya uhalifu? Ni haki aulizwe. Chuma je? Chuma hakiulizwi.

Rivolva za zamani ziliacha nyundo ikiegemea fataki. Bastola ikiangukia kisogo cha nyundo, risasi huweza kutoka bila kidole kugusa triga. Mafundi wakabuni nyundo inayorudi nyuma kidogo baada ya kupiga, lakini pigo zito liliweza kuisukuma tena mbele. Kampuni ya Smith & Wesson iliboresha kizuizi chake cha chuma kati ya nyundo na fremu baada ya baharia wa Marekani kuuawa na bastola iliyoanguka sitahani, mwaka 1944. Kizuizi hicho hakiondoki hadi triga ivutwe. Njia nyingine, ya Iver Johnson tangu karne ya 19, ni bora zaidi: nyundo haiifikii kabisa pini inayopiga fataki, bali kipande cha chuma kinachopandishwa na triga hupokea pigo na kulipeleka kwenye pini.

Watu wa Taita Taveta si wageni wa silaha hizi. Rivolva ya Webley ilikuwa bastola ya maofisa wa Uingereza walipopigana huko huko, Salaita, Februari 1916. Mwaka 1942 Waingereza hao hao waliondoa kizuizi cha nyundo kwenye rivolva yao ya Enfield ili kuharakisha utengenezaji. Vita vilipokwisha, nyingi zikarudishwa kutengenezwa upya.

Chuma hakiulizwi! Basi wakaguzi waulize. Mwenye ranchi kuanzia Maungu hadi Kasigau, mfanyabiashara wa Voi, yeyote mwenye rivolva ya zamani yenye leseni, aipeleke kwa fundi wa silaha mwenye kibali, nyundo na kizuizi vikaguliwe. Kabla ya hapo, tundu la silinda lililo chini ya nyundo liachwe tupu.