Mtandao wa Michezo Katika Nyumba za Dundori
Mtandao wa ndani, yaani kompyuta za nyumba moja au za nyumba jirani zilizounganishwa ili zipashane data, hauhitaji bando wakati wa kucheza, mradi mchezo wenyewe, kama Minecraft, unaruhusu hali hiyo. Kompyuta huunganishwa kwa kebo kwenye swichi, kisanduku kinachoelekeza data kwa kompyuta inayohusika tu, na kila moja hupewa anwani yake ya namba, kwa mfano 192.168.1.10 na 192.168.1.11, kwani zikifanana zitagongana. Wi-Fi inafaa pia, ila kuta za mawe ya kuchonga, zilizo za kawaida Dundori na kwingineko Nakuru, hudhoofisha mawimbi yake, ilhali kebo, inayoweza kufika mita 100, haijali ukuta. Mchezo usipoonekana kwenye kompyuta ya pili, mara nyingi kizuizi ni programu ya Windows inayochuja miunganisho, ambayo mchezo uruhusiwe kuipita katika mtandao wa nyumbani pekee, wala programu hiyo isizimwe kabisa. Kinachosahaulika zaidi, katika nyanda hizi za juu zenye mvua, ni radi: plagi zichomolewe mapema, pamoja na kebo yoyote inayopita nje kati ya nyumba mbili.