Umri Mrefu na Wajibu wa Kung'atuka



Tulipopata Uhuru mwaka 1961, mtoto aliyezaliwa nchini hakutazamiwa kufikia umri wa miaka 50. Leo anatazamiwa kupita 65. Ushindi huu uliletwa na chanjo, zahanati za vijijini, maji safi na elimu ya akina mama. Sasa wako wataalamu, hasa Marekani, wanaotafuta njia ya kumwezesha binadamu kuishi miaka 120 au zaidi. Mfaransa mmoja, Jeanne Calment, alifikia 122 kabla ya kufariki mwaka 1997.

Je, umri huo ukiwa wa kawaida, jamii yetu itakuwaje?

Tuchukue hapa petu Mbezi Beach. Baba mwenye nyumba, aliyempata mwanawe akiwa na miaka 25, akiishi hadi 100, mwana huyo atairithi nyumba akiwa na 75. Mtumishi anayestaafu kwa lazima akiwa na 60 atalipwa pensheni kwa miaka 40, baada ya kuitumikia nchi miaka 35. Tukisogeza mbele umri wa kustaafu, kijana aliyehitimu ualimu atangoja ajira mpaka aote mvi. Na mkulima wa Rufiji asiye na pensheni? Kwake umri mrefu bila matunzo ni adhabu.

Zanzibar imetuonyesha njia. Mwezi wa Aprili 2016, Serikali ya Mapinduzi ilianza kuwalipa wazee wenye miaka 70 na zaidi shilingi 20,000 kwa mwezi, bila kuuliza nani aliajiriwa na nani alilima. Fedha hizo zilikuwa kidogo, bali msingi wake ni mkubwa: uzee ni dhamana ya jamii nzima.

Lakini haki hiyo ina wajibu wake. Mwalimu Nyerere alituachia neno la Kizanaki, kung'atuka. Novemba 1985, akiwa na miaka 63, alikabidhi urais. Mwaka 1990 akakabidhi na uenyekiti wa Chama. Hata hivyo hakukaa bure: katika miaka yake ya mwisho alikuwa akisuluhisha mgogoro wa Burundi. Aliacha kiti, hakuacha kazi.

Ndugu zangu, penye wazee hapaharibiki neno. Lakini penye wazee wasioachia nafasi, vijana hawakomai. Kabla ya kutamani miaka mia, tukubaliane kwamba kila mzee atatunzwa, na kila mwenye cheo atajua siku ya kukikabidhi. Bila hayo, umri mrefu utakuwa mali ya wachache, na kungoja kutakuwa fungu la wengi.