Kanzu Ndogo ya Samweli

Masomo ya leo: 1 Samweli 2:18-21, 1 Samweli 17:38-39, Luka 14:28-30

 

Tunawasalimu ninyi mlio nyumbani, ninyi mnaovuna mpunga huku redio imetundikwa mtini, na ninyi mtakaoisoma karatasi hii baada ya ibada. Salamu kwa Wamaza yote, kutoka Kasongo mpaka Kabambare. Neema ya Bwana iwe nanyi.

Mwaka wa masomo unaelekea mwisho. Watoto wetu wa mwaka wa nane watamaliza, na mwezi wa Septemba kila mmoja ataulizwa: unaingia opsioni gani? Wazazi wengi wanakuja kwetu kuomba maombi kwa ajili ya mitihani. Tunaomba pamoja nao, na tutaendelea kuomba. Lakini tunapomuuliza mzazi, “Mtoto wako anapenda somo gani? Anashindwa somo gani?”, mara nyingi tunajibiwa: “Mchungaji, hayo anayajua mwalimu.” Ndiyo maana leo tunamwendea mama Hana.

Sisi sote tunalijua ombi la Hana. Tunalihubiri sana: machozi yake, nadhiri yake, mtoto aliyepewa. Lakini tunasimama mapema. Biblia inaendelea na kutuambia jambo dogo: mwaka kwa mwaka mama huyu alimshonea mwanawe kanzu ndogo, akampelekea alipopanda na mumewe kutoa dhabihu.

Jiulizeni, wapendwa, alijuaje kipimo? Samweli hakuishi naye. Hana alikaa Rama, mtoto alikuwa Shilo kwa kuhani Eli. Biblia haituambii alipimaje. Lakini mama yeyote aliyewahi kushonea mtoto anajua kwamba kanzu ya mwaka jana haitoshi mwaka huu. Lazima Hana alimtazama vizuri kila alipokwenda. Lazima alikumbuka mabega yake na urefu wa mikono yake. Aliomba mara moja akajibiwa, na baada ya kujibiwa akaendelea kupima kila mwaka.

Watoto wetu nao tumewaweka katika nyumba ya mwingine. Toka asubuhi mpaka mchana wako kwa mwalimu. Tunalipa minervali, tunanunua daftari, tunasema kazi yetu imekwisha. Je, mwaka kwa mwaka tunapanda kwenda kuwapima?

Kwanza: tujue njia yenyewe

Wengi wetu tulisoma zamani, na wengine hatukupata kusoma. Tusione haya kujifunza. Tangu sheria ya elimu ya tarehe 11 Februari 2014, elimu ya msingi katika nchi yetu ni miaka minane: sita ya primeri, na miwili tuliyozoea kuiita sekondari ya kwanza na ya pili, ambayo sasa ni mwaka wa saba na wa nane. Mwishoni mwa mwaka wa nane kuna mtihani wa taifa unaoitwa Tenasosp, ambao kazi yake ni kusaidia kuonyesha mtoto aelekee wapi. Kisha miaka minne ya humanite, na mwisho wake Mtihani wa Serikali. Mtihani ule una siku nne, na moja kati ya siku hizo ni ya masomo ya opsioni. Maana yake, njia ambayo mtoto ataichagua akiwa na miaka kumi na nne hivi itamngoja mlangoni miaka minne baadaye.

Tena tukumbuke: tangu Septemba 2019 primeri ya serikali haina malipo. Humanite ina malipo. Mzazi aliyepumzika miaka sita anaweza kushtuka.

Kwa hiyo kuchagua hakuanzi Septemba ya mwaka wa humanite. Kunaanza mwaka wa saba. Miaka ile miwili tumepewa kwa kupima.

Pili: vipimo vitatu

Kipimo cha kwanza ni buletini. Tunapoletewa buletini, macho yetu yanakimbilia chini kabisa, penye pursenti. Tukiona hamsini na kitu tunasema “Mungu ni mwema”, tunatia sahihi. Wapendwa, pursenti ya chini inaficha mambo. Buletini isomwe kutoka juu, mstari kwa mstari. Angalia hesabu, angalia Kifaransa, angalia sayansi. Angalia peryode ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne. Alama nyekundu iliyotokea mara moja labda ni malaria ya wiki ile. Alama nyekundu inayokaa mahali pamoja peryode zote nne inakuambia kitu. Kama hujui kusoma, mwite kijana wa kanisa akusomee, mtoto akiwapo. Hakuna aibu. Aibu ni kutia sahihi kitu usichokijua.

Kipimo cha pili ni mtoto mwenyewe. Umtazame anapokuwa huru. Yuko anayefungua redio iliyoharibika na kuirudisha. Yuko anayekusanya wadogo zake na kuwafundisha. Yuko anayepeleka karanga sokoni na kurudi na hesabu kamili bila kuandika. Kaa naye jioni, umuulize, kisha unyamaze ili ajibu. Na mwulize mwalimu wake, maana yeye ndiye Eli wa Samweli wako.

Kipimo cha tatu ni mfuko. Bwana Yesu alisema juu ya mtu anayetaka kujenga mnara: lazima akae kwanza, apige hesabu, asije akaweka msingi na kushindwa kumaliza huku watu wakimcheka. Katika vijiji vyetu vingi pedagojia ndiyo opsioni iliyo karibu, kwa sababu haihitaji maabara wala mashine. Kama mtoto anafaa sayansi, biashara, umeme, mekanika au kilimo, labda atakwenda Kasongo mjini au mbali zaidi. Piga hesabu: minervali ya miaka minne, chakula, na nyumba atakayokaa. Uliza habari mapema. Shule za uuguzi zina masharti yake. Nenda kayasikie mtoto angali mwaka wa saba.

Na juu ya ile nyumba, angalieni sana. Eli alikuwa kuhani, lakini wana wake walikuwa watu wabaya katika nyumba ile ile. Tukimpeleka binti kwa ndugu mjini, tujue nani analala pale. Tusimpeleke kusoma akageuka mtumishi wa nyumba.

Tatu: silaha za Sauli

Kuna nguo nyingine katika kitabu hiki cha Samweli. Daudi alipotaka kumkabili Goliathi, mfalme Sauli alimvika mavazi yake ya vita. Sauli hakuwa na nia mbaya. Alimpa kitu bora alichokuwa nacho. Lakini kilikuwa kipimo cha Sauli, na Daudi hakuweza kutembea. Hana alishona kwa kipimo cha mtoto, Sauli alivika kwa kipimo chake mwenyewe.

Hapa, wapendwa, tunataka kushuhudia jambo ambalo hatukuwahi kulisema madhabahuni. Mimi na mama mchungaji tumekubaliana tuliseme, na mtoto wetu ametupa ruhusa.

Kifungua mimba wetu alipokuwa mwaka wa nane alipenda kusoma na kueleza. Kifaransa chake kilikuwa kizuri, na vijana walipenda akisoma Neno. Hesabu ilikuwa nyekundu peryode zote. Lakini chini kulikuwa na pursenti 58, na sisi tulitia sahihi. Tulitaka daktari. Tulikuwa tumekwisha kusema mbele ya kanisa kwamba mtoto huyu atakuwa daktari, watu wakaitikia Amina. Tukamwingiza katika kemia na biolojia.

Mwaka wa kwanza alipita kwa shida. Mwaka wa pili alianguka. Akarudia, akaanguka tena. Sisi tulifanya nini? Tulifunga siku tatu. Tuliita waombezi. Na zambi yetu kubwa ni hii: watu walipoanza kunong'ona kwamba kuna mkono wa mtu katika ukoo, na kumtazama shangazi yangu mzee, sisi tulinyamaza. Tulikuwa na buletini tatu kabatini, hatukuzifungua.

Usiku mmoja mtoto alituambia: “Baba, mama, mlinipeleka mahali ambapo ninyi mlitaka kufika.” Tulimkaripia. Baada ya siku chache tulikuta kitanda kitupu. Alikuwa amekwenda upande wa Salamabila, kwenye dhahabu. Miaka miwili tulipata habari zake kwa watu wa baiskeli tu.

Alirudi kwa msiba wa nyanya yake. Hakuleta dhahabu, alileta kovu mguuni. Tulikaa naye, na mara ya kwanza tukamwuliza anataka nini. Akasema: kufundisha. Leo ana miaka 22, yuko mwaka wa tatu wa pedagojia, anakaa benchi moja na watoto aliowafundisha shule ya Jumapili. Hatusemi ni mwisho wa hadithi. Miaka ile haikurudi. Lakini anatembea, kwa sababu kanzu ni ya kipimo chake.

Na kwa shangazi tulikwenda, tukapiga magoti. Alituambia neno moja tu: “Nilikuwa nangoja mje.”

Nne: maombi na kipimo

Sisi ni Wapentekoste. Tunaamini Mungu anafungua akili, tunaamini kuna adui. Lakini tunawasihi: mtoto akianguka, kabla ya kumtafuta mchawi, fungua buletini. Kabla ya kumpeleka kwenye maombi ya kufunguliwa, mpeleke kwa mwalimu. Huenda haoni ubao. Huenda anakwenda shule bila kula. Huenda amevikwa silaha za Sauli. Bibi mzee akitengwa kwa sababu ya hesabu ambayo mtoto hakuielewa, huo ni uongo, na Shetani ndiye baba wa uongo.

Tena tusiidharau opsioni yoyote. Wengine wanasema pedagojia ni ya walioshindwa. Basi nani aliyekufundisha kusoma Biblia? Katika miaka ya 1970 hapa Kasongo wauguzi wetu na madaktari waliotoka Antwerp, Ubelgiji, walifanya kazi ya afya ambayo ilisomwa na waganga wa nchi nyingi. Wengi waliohudumia vituo vile vya afya hawakuwa madaktari wakubwa. Walikuwa wauguzi waliojua kazi yao.

Na binti? Hana alishona kanzu, lakini Mungu akampa tena wana watatu na mabinti wawili. Mabinti wale nao walihitaji nguo. Feza ikiwa haitoshi, tusimtoe binti kwanza kwa sababu ataolewa. Tusimweke katika ushonaji kwa sababu tu ni msichana, kama hesabu yake inampita kaka yake. Na kama anapenda ushonaji kweli, aende kwa furaha, awe fundi.

Kwa vijana: hatuwalaani wanaochimba. Wengi wanalisha nyumba zao. Lakini dhahabu haimngoji mtu, na shimo halitoi diploma. Maliza kwanza.

Mambo ya kufanya wiki hii

Baba na mama wa mtoto wa mwaka wa saba au wa nane, fanyeni haya matano. Tafuteni buletini zote, mzipange juu ya meza. Zisomeni na mtoto, mstari kwa mstari. Mwulizeni anapenda nini, anaogopa nini. Nendeni kwa mwalimu au kwa prefe, mwulize opsioni gani zipo na zinahitaji nini. Pigeni hesabu ya miaka minne. Ndipo mpige magoti pamoja, ninyi na mtoto, mkiwa mmeshika majibu hayo mkononi. Na kila mwaka mrudie, maana mtoto anakua, na kanzu ya mwaka jana haitatosha.

Aliye yatima, au ambaye wazazi wako mbali, asikae peke yake. Jumamosi, baada ya maombi ya asubuhi, walimu wa kanisa letu watakaa kanisani. Mje na buletini.

Tuombe. Baba yetu uliye mbinguni, tunakushukuru kwa watoto uliotupa. Utusamehe pale tulipotia sahihi bila kusoma, tulipoomba bila kutazama, na tulipowatupia wengine makosa yetu. Utupe macho ya Hana, mwaka kwa mwaka. Watoto walioko shimoni, uwarudishe. Walioanguka, uwainue. Wanaochagua, uwaongoze katika njia uliyowaumbia. Kwa jina la Yesu Kristo. Amina.

Mbarikiwe, wapendwa. Tuonane kanisani.