Siku Nyingine za Watu wa Mbali: Habari, Teknolojia na Darasa la Sachangwan



Jumamosi, tarehe 31 Januari 2009, lori la mafuta lilipinduka hapa Sachangwan, kwenye barabara kuu ya Nakuru kuelekea Eldoret. Watu walijazana kuteka petroli, moto ukalipuka, na zaidi ya watu 100 wakafariki. Habari hiyo ilizunguka dunia. Wengi walioisikia ng'ambo ndipo walipolijua jina la Sachangwan, na hawajalisikia tena tangu hapo. Hawakuambiwa kwamba eneo hili hulimwa viazi na pareto. Hawakuambiwa kwamba sokoni mtu husalimia kwa Kikalenjin, akapatana bei kwa Kikuyu, akaaga kwa Kiswahili.

Nalitaja jambo hili kwa heshima ya waliofiwa. Nalitaja kwa sababu ndilo msingi wa hoja yangu: habari humleta kwetu mtu wa mbali katika siku yake mbaya kuliko zote, na kazi ya mwalimu ni kumwezesha mwanafunzi kuziona siku zake nyingine. Mtoto wa Sachangwan ana sababu ya kulielewa hili mapema, maana kwao kumewahi kujulikana kwa siku moja tu.

Hapa Kenya, darasa la kwanza la Gredi ya 7 chini ya mtaala wa umilisi lilianza mwaka 2023. Mtaala huo unataja mambo saba ya msingi ambayo kila mwanafunzi anapaswa kuyamudu, na miongoni mwake mna uraia na ujuzi wa kidijitali. Mara nyingi haya mawili hutenganishwa na ukuta. Kwenye kompyuta mtoto hufundishwa kubonyeza. Kwenye Elimu ya Jamii hufundishwa kukariri nchi na miji mikuu. Naomba tuyakutanishe. Mwanafunzi wa miaka 12 hadi 15 tayari anaiona dunia katika simu ya nyumbani. Kinachokosekana ni mtu mzima wa kuketi naye amuulize: hapa ni nani anayesema, na ni nani hakuulizwa?

Somo la kwanza lianzie nyumbani. Wanafunzi watafute yaliyoandikwa kuhusu Sachangwan na mji jirani wa Molo katika magazeti na mtandaoni. Kisha waende kwa wazee, kwa wachuuzi na kwa madereva wa malori wanaopumzika katika mji wa Salgaa, wawaulize eneo hili likoje siku ya kawaida. Mwalimu ajiandae, azungumze kwanza na familia zilizofiwa, asimlazimishe mtoto kusimulia msiba wa kwao. Mwishowe orodha hizo mbili ziandikwe ubaoni sambamba. Hapo mtoto ataona kwamba gazeti halikusema uongo, na bado halikutosha. Hili aliwahi kulipigania mwana wa Nakuru, mwandishi Binyavanga Wainaina, aliyezaliwa mjini humo mwaka 1971. Makala yake ya mwaka 2005 katika jarida la Granta iliwasuta waandishi wa nje waliozoea kuichora Afrika kwa njaa, vita na wanyama pori. Somo lake linatuhusu pande zote mbili. Sisi tunaoumia tukichorwa hivyo tusiwachore wengine vivyo hivyo.

Ndipo tuvuke bahari, na naomba tuvuke tukiwa na kiazi mkononi. Mtoto wa Molo anaijua aina ya kiazi iitwayo Shangi tangu inapopandwa hadi inapopakiwa kwenye magunia. Anajua pia sakitu, ile baridi ya alfajiri inayounguza majani na kumpa mkulima hasara. Sasa mwalimu amwonyeshe, kwa ramani na video fupi, milima ya Andes, nchini Peru na Bolivia, ambako kiazi kilianza kulimwa maelfu ya miaka iliyopita na ambako kuna aina za kienyeji zaidi ya 4,000. Huko, msimu wa baridi kali, wakulima hutandaza viazi vidogo nje usiku vigande. Mchana jua likiviyeyusha, wanaume kwa wanawake huvikanyaga kwa miguu mitupu hadi maji yatoke na maganda yabanduke, kisha huvianika. Viazi hivyo, waviitavyo chuño, hukaa ghalani miaka na miaka. Baridi ileile inayomwibia mkulima wa Molo ndiyo inayomwekea akiba mkulima wa Andes.

Tazameni maswali yatakayozaliwa darasani. Miguu haiwaumi? Vikipikwa vina ladha gani? Sisi tungeweza? Mtoto anayeuliza hivyo hamwonei huruma mtu wa Peru wala hamchekelei. Anamuuliza kama mkulima anavyomuuliza mkulima mwenziwe. Siku atakaposikia kwamba Peru kumetokea tetemeko la ardhi, atakuwa na watu wa kuwafikiria.

Kwa upande wa habari zenyewe, Kiswahili kimetupa hazina tusiyoitumia. Idhaa ya Kiswahili ya BBC ilianza mwaka 1957, ya Uchina mwaka 1961, ya Ujerumani mwaka 1963. Tukio moja laweza kusikilizwa kwa Kiswahili kutoka kwa mashirika yenye makao London, Beijing na Bonn. Wanafunzi wagawanywe makundi matatu, kila kundi lisikilize idhaa moja, kisha walinganishe: ni nani aliyehojiwa, ni jambo gani lililotangulizwa, ni lipi lililoachwa. Simu moja ya mwalimu na spika ndogo vinatosha. Bando likiwa shida, sauti ipakuliwe mjini na kuchezwa shuleni.

Kuna pia walimu wa tamaduni ambao hawajawahi kualikwa darasani. Nyumba nyingi za kaunti hii ya Nakuru zina dada au shangazi anayefanya kazi Saudia au Qatar. Habari za mateso ya wafanyakazi wa nyumbani huko ni za kweli na watoto lazima wazijue. Lakini shangazi huyo anajua pia Ramadhani ya Riyadh ilivyo, chakula cha futari, Kiarabu cha sokoni, na Wafilipino anaofanya nao kazi. Akiridhia, nusu saa yake kwa simu ya video ni somo ambalo hakuna kitabu kinachoweza kulitoa.

Najua mzazi ataniuliza: mbona Peru na Saudia, ilhali jirani kwa jirani hapa tumewahi kuchomeana nyumba? Swali ni la haki. Sehemu za Molo na Kuresoi ziliungua mwaka 1992, zikaungua tena baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, na mara hiyo ya pili chuki ilisambazwa pia kwa ujumbe mfupi wa simu. Jibu langu ni kwamba ujuzi ni uleule. Mtoto aliyezoea kuuliza "nani kasema, nani hakuulizwa, siku ya kawaida ikoje?" kuhusu watu wa mbali atauliza hivyo hivyo ujumbe wa uchochezi utakapoingia kwenye simu yake kumhusu jirani. Tena ni rahisi kwake kuanza kujizoeza kwa watu wasio na ugomvi na babake. Leo, ambapo picha na sauti bandia hutengenezwa kwa dakika chache, zoezi hilo haliwezi kungoja chuo kikuu.

Kwa hiyo naomba mambo matatu. Vyuo vya ualimu vifundishe usomaji wa habari kama vinavyofundisha hesabu. Kila shule ya sekondari msingi itenge kipindi kimoja kwa wiki, na kishikwambi kilichofungiwa kabatini kitolewe kitumike. Wazazi nao wakubali kuhojiwa na watoto wao. Mwanafunzi wa Gredi ya 9 asiondoke hapa kabla ya kuwajua watu wa angalau nchi moja ya mbali: wanakula nini, wanafurahia nini, wanazikana vipi. Hilo liko ndani ya uwezo wetu, na muhula ujao unatosha kulianza.