Mashahidi Wengi, Chanzo Kimoja



Ndugu zangu, nianze na kisa. Mwaka 2023 huko New York, mawakili wa abiria aliyelishtaki shirika la ndege la Avianca walipeleka mahakamani hukumu za zamani walizopewa na ChatGPT. Kumbe zilikuwa za kubuni! Na mmoja wao alikuwa amejaribu kuhakikisha: aliiuliza ChatGPT ile ile kama kesi hizo ni za kweli. Ikamjibu ndiyo. Jaji akawatoza faini ya dola 5,000.

Sasa wewe kijana, unaiuliza simu kama mama mwenye sukari afunge au asifunge. Jibu likija, utalihakikisha kwa nani?

Wataalamu wengine wamekuja na njia ya blokicheni, yaani daftari ambalo nakala zake ziko kwenye kompyuta za watu wengi, ili mtu mmoja asiweze kulibadilisha kisirisiri. Jibu la akili bandia linakatwakatwa kuwa madai madogo madogo. Kila dai linapelekwa kwa kompyuta kadhaa za wenyewe mbalimbali, na kila moja inapiga kura: kweli au si kweli. Wenyewe wameweka pesa rehani. Anayeonekana anabahatisha tu hukatwa. (Hapo pana swali la fiqhi, tuwaachie masheikh.) Kisha matokeo yanaandikwa daftarini.

Fikra nzuri, siikatai. Angalau hujiulizi na kujijibu mwenyewe kama wale mawakili. Lakini hebu tazama wanazuoni wa hadithi. Hadithi mutawatir haikupata nguvu kwa wingi wa wapokezi peke yake, bali pia kwa kuwa ni muhali watu hao kuafikiana juu ya uongo. Na hizi programu je? Nyingi zimefunzwa kwa maandishi yale yale ya intaneti. Maandishi yakiwa na kosa, kumi zitakosea pamoja bila hata kula njama, na daftari litalitunza kosa hilo vizuri kabisa, lisifutike! Blokicheni inalinda kilichoandikwa. Kama ni kweli au si kweli, yenyewe haijui.

Tena mtandao mzima ukikubaliana, hakuna kompyuta hata moja iliyompima mama sukari yake jana usiku. Daktari wake ndiye aliyempima. Mpigie yeye kwanza, halafu sheikh, kabla ya daku.