Sauti Iliyokauka na Namna ya Kuirudisha Bila Kisu

Mada kwa walimu, wanakwaya na maustadhi wa madrasa, Kang'ata, Handeni



Nimeombwa nizungumzie jinsi ya kuirudisha sauti iliyoharibika bila kupasuliwa. Niiweke hoja yangu mezani mapema. Kwa watu wa kazi kama zetu, sauti nyingi zinazokauka hazikuharibiwa na ugonjwa uliotoka nje. Zimeumizwa na kazi, kama mgongo wa mbeba magunia unavyoumizwa na mzigo. Na kama ilivyo kwa mgongo huo, dawa yake kubwa haimo chupani. Ni kuupunguza mzigo na kujifunza upya namna ya kuubeba.

Kinachotuchelewesha kuliona hilo ni kwamba sisi huku mtu aliyepwewa na sauti tunamwonea fahari. Mwanakwaya akitoka kwenye mkesha hawezi hata kuitikia salamu, tunasema huyo ameimba kweli. Mhubiri akikwaruza, waumini wanasogea mbele. Manju wa ngoma ya selo akimaliza msimu hana sauti, anasifiwa. Mwalimu wa darasa la kwanza anayezungumza kwa kunong'ona kila Ijumaa tunamwambia pole, basi, na Jumatatu tunampangia vipindi vilevile. Huyo ni mtu aliyeumia kazini, na ndivyo ningependa tumtazame kuanzia leo.

Ndani ya kikoromeo kuna nyuzi mbili za sauti, mikunjo laini ya nyama yenye urefu wa sentimita moja hadi mbili hivi. Pumzi ikipanda kutoka mapafuni huzifanya zigongane na kuachana kwa kasi kubwa. Mwanamke akizungumza kwa kawaida, hugongana mara 200 hivi kwa sekunde. Za mwanamume ni kama nusu ya hapo au zaidi kidogo. Pigeni hesabu: mwalimu wa kike akitoa sauti kwa jumla ya saa moja tu katika siku nzima, nyuzi zake zimegongana mara 720,000. Akizungumza taratibu, zinagusana kwa upole na usiku zinajitengeneza. Akipiga kelele, zinapigana kwa nguvu, na zinapopigana zaidi ni katikati. Hapo ndipo panapovimba kwanza, na kelele zikiendelea kwa miezi, uvimbe unakuwa sugu na kuota vinundu viwili vinavyotazamana. Vinundu haviziachi nyuzi zifunge sawasawa. Pumzi inavuja, sauti inakuwa na hewa nyingi na mikwaruzo, na mwenye sauti anaongeza nguvu ili asikike. Nguvu hiyo ndiyo inayovikuza vinundu.

Sasa ingieni darasani. Bati bila dari, madirisha yasiyo na vioo, na ng'ambo ya ukuta darasa jingine linaimba majedwali. Tangu elimu bila ada ilipoanza Januari 2016, watoto wamejaa madarasani, na hilo ni jambo la kheri, lakini lililolipa sehemu ya gharama ni koo la mwalimu. Mvua ya masika ikianza kupiga bati, mwalimu ana njia mbili: anyamaze au apige kelele kuishinda mvua. Wengi wanapiga kelele. Saa kumi jioni mwalimu huyohuyo anaongoza mazoezi ya kwaya, na kinanda kimefunguliwa hadi mwisho. Akirudi nyumbani anamwita mtoto aliye kisimani. Nyuzi zake hazijapumzika tangu alfajiri.

Anapokwama, tunampa tangawizi, asali, ndimu, mayai mabichi, na akichelewa kupona anakwenda duka la dawa kununua amoksilini. Sizidharau dawa za jikoni. Maji ya uvuguvugu yenye asali hutuliza koo, na mvuke wa maji moto hulainisha. Lakini tujue mipaka yake. Chakula na kinywaji hupita kwenye umio, na nyuzi za sauti zimekaa kwenye njia ya hewa. Unapomeza, mlango wa njia ya hewa unafungwa ili kitu kisiingie. Yai bichi likigusa nyuzi za sauti, utapaliwa na kukohoa mpaka machozi yatoke. Hakuna unachomeza kinachokwenda kuzipaka nyuzi mafuta. Na amoksilini huua bakteria, wakati sauti inayokauka ghafla pamoja na mafua mara nyingi chanzo chake ni virusi, na inayokauka kwa kelele haina kijidudu chochote cha kuuawa.

Kuna mtu mmoja wa zamani ambaye kisa chake kinafundisha. Frederick Matthias Alexander, aliyezaliwa Tasmania mwaka 1869, alikuwa akighani mashairi na tamthilia jukwaani, na sauti yake ikawa inakatika katikati ya onyesho. Madaktari walimshauri apumzike. Alipumzika, sauti ikarudi, akapanda jukwaani, ikakatika tena. Akajiuliza: kama kupumzika kunaniponya na kughani kunaniumiza, basi kuna kitu ninachokifanya ninapoghani. Akajitazama kwenye vioo kwa muda mrefu. Akaona kwamba kila anapoanza kughani anarudisha kichwa nyuma, anakibana kikoromeo na kuvuta pumzi kwa kishindo mdomoni. Alipojifunza kuacha hayo, sauti ilirudi ikakaa. Hakupasuliwa. Kisa hiki kinanifaa kwa sababu walimu wengi wanaamini likizo ya Desemba itawaponya. Inawapa nafuu, kweli, lakini Januari wanarudi darasani na shingo ileile iliyokaza.

Kwa hiyo kioo ni kifaa cha kwanza. Simama mbele yake, useme kwa sauti ya darasani, "Watoto, fungueni madaftari." Tazama shingo. Je, mishipa inasimama? Kidevu kinatoka mbele? Mabega yanapanda unapovuta pumzi? Sasa weka mkono tumboni, uache pumzi iingie taratibu kwa pua mpaka tumbo lisukume mkono, kisha useme tena wakati tumbo linarudi ndani. Msirundike sentensi tatu kwenye pumzi moja. Maneno yale ya mwishoni, pumzi ikiwa imekwisha, ndiyo yanayozikwangua nyuzi.

Kifaa cha pili ni mrija wa soda, na hapa ninaomba tukae kidogo. Mimina maji kwenye bilauri hadi nusu. Tumbukiza ncha ya mrija kiasi cha sentimita mbili chini ya maji, ubane mrija kwa midomo pasipo hewa kupenya pembeni, kisha utoe sauti ya "uuu" kupitia mrija. Hatupulizi tu: lazima sauti iwepo, na ukigusa koo usikie linatetemeka. Mapovu yatoke mfululizo, yasirukeruke. Mashavu yalegee yatikisike. Shikilia sauti moja ya wastani mara kadhaa, kisha ipandishe polepole kutoka chini kwenda juu na kuishusha, kama mtu anayeshangaa. Mwisho imba wimbo unaoujua, bila maneno, ndani ya mrija. Dakika tano zinatosha, lakini ziwe mara kadhaa kwa siku: kabla ya kipindi cha kwanza, wakati wa mapumziko, baada ya vipindi, kabla ya kwaya. Ukiona kizunguzungu, pumzika. Ukihisi koo linauma, unasukuma mno. Asiye na mrija achukue bua la jani la boga, alikwangue vijinywele vyake na kuliosha. Lina tundu la kutosha.

Mtaniuliza mapovu yanasaidia nini. Mrija ukiwa mwembamba na maji yakikinza, pumzi inajaa kidogo juu ya nyuzi na kuzisukuma zitengane kiasi. Zinaendelea kutetemeka lakini hazipigani. Misuli iliyozoea kukaza inajifunza kwamba sauti inaweza kutoka bila mabavu. Njia hii si mpya. Mtaalamu Antti Sovijärvi aliitumia Finland miaka ya 1960 kwa mirija ya kioo, na baadaye mtafiti Ingo Titze wa Marekani aliichunguza kwa vipimo na kuieneza kwa waimbaji kwa kutumia mrija wa kawaida wa kunywea.

Ukishatoka kwenye mrija, usirukie maneno makali. Vumisha "mmm" midomo ikiwa imefungwa hadi usikie mtekenyo midomoni na puani, kisha ufungue: mama, mimi, maembe, ng'ombe. "Mama anamenya maembe mengi." Lugha yetu imejaa m, n na ng', sauti ambazo walimu wa uimbaji wa nchi nyingine huzitafuta kwa makusudi ili kuitoa sauti kooni na kuileta mbele ya uso. Anayesikia mtekenyo huo anaweza kusikika mbali kwa nguvu ndogo.

Wapo watakaosema ushauri unatosha: mwambie mwalimu asipige kelele, anywe maji. Hautoshi. Nelson Roy na wenzake huko Marekani waliwapima walimu wenye matatizo ya sauti. Katika utafiti uliotoka mwaka 2001, waliofanya mazoezi ya sauti walipata nafuu kuliko waliopewa ushauri peke yake. Katika ule wa 2002, waliopewa vipaza sauti vidogo vya kuvaa walipata nafuu, na waliopewa ushauri tu hawakupata nafuu ya maana. Ndiyo maana ninawaomba walimu wakuu mnisikilize hapa zaidi ya popote. Mwalimu hawezi kupona akiwa na vipindi sita mfululizo mbele ya umati wa watoto. Mpangieni kipindi cha kuandika baada ya kipindi cha kusoma kwa sauti. Mpeni kengele au filimbi ya kuita watoto. Kipaza sauti kidogo cha betri kinachofungwa kiunoni si anasa, ni kitendea kazi kama chaki. Na viongozi wa kwaya, punguzeni kinanda kabla ya kumwambia mwimbaji aongeze sauti. Mwenye mafua asiimbe sauti ya kwanza. Akae, asikilize, ajifunze maneno.

Kuhusu kunyamaza: sauti ikikatika ghafla katikati ya kuimba au kupiga kelele, nyamaza kabisa siku chache na umwone daktari, kwani huenda mshipa mdogo wa damu umepasuka, na usimeze aspirini bila ushauri wake. Kunong'ona kwa nguvu si kunyamaza, kwani wengi hukaza koo wanaponong'ona. Na kila mara unapojisikia kusafisha koo kwa "ehem", meza mate au funda la maji badala yake.

Maji, ndiyo. Ninajua ninawaambia hivyo watu wa Handeni, ambako kiangazi kikikaza dumu la maji huwa bidhaa. Lakini kichupa cha mwalimu mezani kinywewe fundafunda, na shule ikihesabu maji ya kupikia uji ihesabu na hayo. Maustadhi wanaofundisha mwezi wa Ramadhani wanywe vya kutosha kati ya futari na daku, na masomo ya kusoma kwa sauti wayaweke asubuhi. Anayeamka na koo chungu na sauti nzito inayolainika mchana huenda asidi ya tumbo inampandia usiku. Aache saa tatu kati ya chakula na kulala, na miguu ya kitanda upande wa kichwa aiinue kwa tofali. Moshi wa kuni na wa sigara wote unakausha nyuzi. Nimezoea kujibiwa kwamba Bi Kidude alivuta sigara na akaimba mpaka uzeeni. Ni kweli, na ninampenda. Lakini mtu mmoja aliyepita mtoni salama haupunguzi mto kina.

Sasa yasiyofaa kungoja. Sauti iliyokauka zaidi ya wiki tatu au nne bila kuonyesha nafuu lazima daktari aitazame, hata kama unafanya mazoezi. Ikiambatana na kupumua kwa shida, maumivu ya kumeza, damu kwenye makohozi, uvimbe shingoni au kukonda, usingoje hata wiki hizo. Kikohozi cha wiki mbili na zaidi ni cha kupimwa makohozi, na kipimo cha kifua kikuu ni bure katika vituo vya serikali. Hili ninalisema kwa msisitizo mbele ya jamaa wa wachimbaji wa Magambazi, maana vumbi la mwamba hudhoofisha mapafu, na kifua kikuu kinaweza kupanda mpaka kwenye nyuzi za sauti kikajifanya ni ukavu wa kawaida. Mtoto mwenye sauti ya mikwaruzo anayekoroma akiwa macho anaweza kuwa na vinyama vya virusi kooni, na hivyo vinahitaji kisu. Saratani nayo ina tiba zake, na ikiwahiwa huwa na matumaini makubwa. Mrija hautibu hayo.

Kwa vinundu vya kelele, hata hivyo, mazoezi na kupunguza mzigo ndiyo tiba ya kwanza duniani kote. Upasuaji wa nyuzi hizi ni kazi ya milimita, na huweza kuacha kovu lisilotetemeka. Julie Andrews, mwimbaji wa Uingereza aliyejulikana dunia nzima, alifanyiwa upasuaji wa koo New York mwaka 1997, na sauti yake ya kuimba haikurudi kama ilivyokuwa. Na hata upasuaji unapofanikiwa, asiyebadili namna ya kutumia sauti huota vinundu vingine.

Mkienda hospitali, iwe ya wilaya Handeni, Magunga ya Korogwe, Bombo au KCMC, mweleze daktari sauti ilikauka lini, unafundisha vipindi vingapi, unaimba wapi, unavuta au huvuti. Ombeni koo litazamwe kwa kioo au kamera kabla ya kupewa dawa yoyote. Akisema ni vinundu, ulizeni mazoezi yaanze lini na mrudi kutazamwa baada ya muda gani.

Mirija ipo kwenye boksi pale mlangoni, na bilauri tumeazima jikoni. Baada ya chai kila mmoja achukue wake, tuanze na sauti ile ya wastani.