Kubadilisha nafasi za magurudumu nyumbani: somo tulilolipata katika uwanja wa jirani

Maneno yaliyotolewa mbele ya madereva na wanakamati wa amani, Bukavu, Kivu ya Kusini

 Asanteni kwa kupanda kilima hiki mpaka hapa.

Tunajua kwamba baadhi yenu mlishangaa mlipopata mwaliko. Katika mikutano yetu mmezoea kusikia juu ya migogoro ya mashamba, mipaka ya vijiji na vijana wanaorudi kutoka msituni. Leo tutazungumza juu ya magurudumu ya gari. Lakini tunawaomba mvumilie, kwa sababu kazi hii ya mikono ilitufundisha jambo ambalo semina nyingi hazikutufundisha.

Gari letu mnalifahamu. Ni Land Cruiser ya zamani, yenye uzito wa zaidi ya tani 2 ikiwa tupu, na inapita tani 3 tunapopakia watu, mafuta na mizigo. Inapanda kwenda Bunyakiri kupitia Miti na Hifadhi ya Kahuzi-Biega, inakwenda Walungu, na inashuka mteremko wa Ngomo kutoka Nyangezi hadi Kamanyola. Kila mmoja wenu anajua maana ya gari kuharibika katika njia hizo jua linapotua. Tena kuna watu wanaosubiri. Wazee wa pande mbili wakikaa chini ya mti tangu asubuhi, na ninyi hamfiki, upande mmoja utasema mmependelea upande mwingine. Hakuna atakayeamini kwamba ni tairi tu.

Zamani kazi hii tuliwaachia watu wa garaji. Februari 2025, wapiganaji wa M23 walipoingia Bukavu, benki zilifunga milango. Fedha taslimu zikawa ngumu kupatikana, na fundi wetu alikuwa ameondoka na familia yake. Gari lilikaa wiki nyingi bila kutembea. Tulipotaka kulitoa tena, tuliona matairi ya mbele yamelika kwenye kingo za nje, ya nyuma yamelika katikati, na la akiba lilikuwa jipya kabisa, halijawahi kugusa barabara. Tukasema: tutafanya wenyewe.

Kwanza tueleze sababu. Matairi hayaliki sawasawa. Ya mbele yanageuza gari na kubeba uzito mkubwa tunapofunga breki kwenye mteremko, kwa hiyo yanaumia pembeni. Ya nyuma yanasukuma na kubeba mzigo. Ukiyaacha mahali pamoja, mawili yatakwisha mapema na utalazimika kununua mapya wakati mengine bado yana maisha. Kuna sababu nyingine, kubwa zaidi kwa gari kama letu. Unapoingiza nguvu kwenye magurudumu yote manne, ekseli ya mbele na ya nyuma zinafungwa pamoja na kuzunguka kwa mwendo mmoja. Tairi lililolika ni dogo, na linahitaji kuzunguka mara nyingi zaidi ili kwenda umbali ule ule. Kwenye matope linateleza kidogo na hakuna shida. Kwenye ardhi ngumu, gia zinaanza kuvutana, kama watu wawili waliofungwa kamba moja na hatua zao hazilingani.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe, na hapa ndipo tatizo la kwanza lilipotokea. Gari zito linataka ardhi tambarare na ngumu. Ninyi ni watu wa Bukavu. Nani kati yenu ana uwanja tambarare? Uwanja wetu unateremka kuelekea ziwa kama paa la nyumba. Tulitafuta, na tukaona kwamba sehemu pekee iliyo sawa, yenye sakafu ya mawe, ni ya jirani yetu.

Na jirani yetu alikuwa hatusalimu. Ilikuwa zaidi ya mwaka. Tulijiambia kwamba ni kwa sababu ya kelele ya jenereta, au kwamba ni mtu mgumu tu. Tulikuwa tunasafiri kilomita nyingi kwenda kuwasikiliza watu wanaogombana, na hatujawahi kuvuka ukuta wetu wenyewe kumwuliza mzee huyo ana nini.

Tulikwenda wawili, asubuhi. Tulisema: «Papa, tunakuomba nafasi ya nusu siku katika uwanja wako.» Hakukataa wala hakukubali. Alisema: «Kwanza njooni muone ukuta wangu.» Alituzungusha nyuma ya nyumba. Maji ya mvua kutoka paa letu yalikuwa yanamwagika moja kwa moja kwenye msingi wake. Udongo ulikuwa umekwisha kuondoka chini ya ukuta kiasi cha kuingiza mkono mzima. Katika mji huu, ambako kila msimu wa mvua nyumba zinachukuliwa na mmomonyoko, hilo si jambo dogo. Chumba kilichokuwa juu ya shimo lile ni chumba wanacholala wajukuu wake.

Tuliona aibu. Siku hiyo hatukugusa gari. Tulichimba mfereji kwa siku mbili, sisi na watoto wake wakubwa, na tukajaza mawe chini ya msingi. Siku ya tatu alifungua geti lake mwenyewe.

Basi, hivi ndivyo tulivyofanya, na tunawaomba mfuate hatua hizi kwa utaratibu.

Kwanza, kagua matairi yote matano. Lazima yawe ya kipimo kimoja na aina moja. Angalia nyufa za ubavuni. Angalia pia tarakimu nne za mwisho katika maandishi yanayoanza na DOT: 2318 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2018. Tairi la akiba linaweza kuonekana jipya kumbe limezeeka. Kama lina nyufa, au ni la kipimo kingine, usiliingize katika mzunguko.

Pili, zuia gari lisitembee. Vuta breki ya mkono, weka gia, na uweke mawe makubwa mbele na nyuma ya magurudumu yanayobaki chini. Msitegemee gia peke yake, kwa maana ukiinua gurudumu moja la nyuma, lile la hewani linaweza kuzunguka na gari likateremka. Wenye Land Rover Defender ya zamani wawe waangalifu zaidi. Breki yake ya mkono inashika shafti, haishiki magurudumu yenyewe, kwa hiyo ukiinua gurudumu la nyuma haishiki tena.

Tatu, legeza nati kidogo, robo ya mzunguko, gari likiwa bado chini. Ukijaribu kulegeza nati ngumu gari likiwa juu, unalisukuma likuangukie.

Nne, weka jeki, au kriki kama tunavyosema hapa, chini ya ekseli, juu ya ubao mpana na mgumu ili isizame. Inua mpaka gurudumu litoke ardhini tu. Gurudumu unalotoa lilaze chini ya chasisi, ili jeki ikiteleza gari liangukie tairi na si mguu wa mtu. Asiwepo mtu yeyote chini ya gari. Watoto wakae mbali.

Tano, ni mpangilio. Wengi wanadhani unahitaji jeki nne. Ukitumia na gurudumu la akiba, jeki moja inatosha, kwa sababu unafanya kona moja tu kwa wakati mmoja. La akiba linakwenda nyuma kulia. Lililotoka nyuma kulia linakwenda mbele kulia. Lililotoka mbele kulia linakwenda nyuma kushoto. Lililotoka nyuma kushoto linakwenda mbele kushoto. Lililotoka mbele kushoto linakuwa la akiba. Ukifanya hivyo mara tano, kila gurudumu litakuwa limepita kila mahali, pamoja na kupumzika. Lakini kama tairi lina mshale unaoonyesha upande wa kuzunguka, usilivushe upande wa pili.

Sita, kabla ya kufunga, safisha kwa brashi ya chuma mahali rimu inapokutana na kitovu cha gurudumu. Kaza nati kwa vidole kwanza, kisha kwa spana, ukiruka moja kila mara kama unayechora nyota. Shusha gari, halafu ndipo ukaze kabisa, kwa nguvu iliyoandikwa katika kitabu cha gari. Usisimame juu ya spana kwa miguu miwili, utakata bolti.

Saba, rekebisha upepo. Matairi ya nyuma yanabeba mzigo na kwa kawaida yanataka upepo mwingi kuliko ya mbele. Lililohamia mbele lipunguzwe, lililohamia nyuma liongezwe. Jambo hili linasahauliwa sana.

Na nane, ambalo sisi wenyewe tulilisahau: kaza nati tena baada ya kilomita 50 hadi 100. Safari yetu ya kwanza baada ya kazi ile ilikuwa kuelekea Uvira. Tulikuwa na furaha na kujisifu. Kabla ya Nyangezi, dereva akasema anasikia mlio mbele kushoto. Mmoja wetu akasema ni mawe tu, tuendelee, tumechelewa. Dereva alisimamisha gari bila kubishana. Nati mbili zilikuwa zinazunguka kwa vidole. Kulikuwa na tope kavu nyuma ya rimu ambalo hatukulisafisha, lilivunjika njiani na kuacha nafasi. Tulikuwa bado hatujaanza kushuka Ngomo. Tangu siku hiyo, dereva akisema tusimame, tunasimama, hata kama aliye nyuma ni mkubwa wa shirika.

Neno moja juu ya mafundi wa tairi, wale tunaowaita kwado. Hatutaki kuwanyang'anya mkate. Kuna kazi ambayo si ya nyumbani: kufungua tairi kutoka kwenye rimu, hasa zile rimu zenye pete ya chuma. Pete hiyo ikiruka tairi likiwa na upepo, inaua. Upepo wote utolewe kwanza, na kujaza kufanyike na mtu mwenye vifaa vya kuizuia. Mpelekeeni kwado, na mlipeni vizuri.

Andikeni pia katika daftari: tarehe, kilomita, na gurudumu gani limekwenda wapi. Kwenye barabara nzuri watu wanabadilisha kila kilomita 8,000 au 10,000. Kwa barabara zetu, sisi tunafanya kila kilomita 5,000.

Wapendwa, tunamaliza. Hatutaki kuwaambia kwamba magurudumu matano yataleta amani Kivu. Wale waliokuwa hapa Juni 2004, na wale waliokuwa hapa Februari 2025, wanajua kwamba mambo makubwa yanaamuliwa mbali na uwanja huu. Lakini tulijifunza kwamba tulikuwa na mgogoro mita kumi kutoka ofisi ya amani, na hatukuuona kwa sababu hatukuwa na haja na mwenye kuumia. Tulimwendea kwa sababu ya shida yetu, si kwa sababu ya shida yake. Hilo tunalikiri mbele yenu, na mbele yake, maana yuko hapa, amekaa pale nyuma karibu na geti.

Kabla ya kufundisha usuluhishi mahali pengine, kila mmoja wetu aangalie maji ya paa lake yanaanguka wapi.

Sasa vueni makoti. Gari liko kwa Papa, mawe yako tayari, na leo wanakamati ndio watakaoshika spana. Madereva watasimama na kuwaelekeza.